Jukwaa la Kiangazi

Mwezi wa Juni uingiapo, mvua zikiwa zimekwisha kukatika na mahindi yamekwisha kuingizwa ghalani, mji wa Runzewe, uliokaa juu ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kupitia Ushirombo hata Lusahunga na mpaka wa Rwanda, hupata wasaa ambao miezi mingine haiujui. Malori yaendayo Kigali na Bujumbura hayapumziki, wala wachimbaji wadogo hawayaachi maduara yao ya dhahabu kwa sababu ya majira. Lakini shule hufungwa, majembe hupumzishwa, usiku huwa na baridi ya kuotea moto, na vumbi hutanda juu ya kila kitu, majani ya miembe yakiwamo. Ni majira ambayo Wasukuma na Wasumbwa, tangu zama za wazee wao, waliyatenga kwa ajili ya ngoma. Makala haya yahusu namna wasaa huo ungaliweza kutumiwa kwa faida ya kundi moja la watoto ambao, wenzao wakienda ngomani, wao aghalabu hubaki nyumbani wakasubiri kusimuliwa.

Katika Marekani, ambako likizo ya kiangazi huchukua zaidi ya miezi miwili, imekuwapo tangu karne ya kumi na tisa desturi ya kuwapeleka watoto kambini. Husemwa kwamba aliyeianza ni mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut, ambaye mwaka 1861 aliwaongoza wanafunzi wake kwa miguu mpaka ufukoni, wakalala katika mahema, wakavua samaki na kupiga makasia kwa muda wa wiki mbili. Mtoto asiyeweza kutembea hakuwa na nafasi katika msafara wa namna hiyo, na ilipita miaka mingi kabla watu hawajaona haja ya kumfanyia naye kambi. Mojawapo ya kambi zilizokuja kusifika ni Camp Jened, katika milima ya Catskill ya jimbo la New York, iliyofunguliwa mwaka 1951 na kufungwa mwaka 1977, na ambayo habari zake zilitolewa upya duniani kwa filamu ya mwaka 2020. Huko alipita Judith Heumann, aliyepooza kwa polio tangu utoto wake, na ambaye mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa viongozi wa watu wenye ulemavu waliokalia jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, wakakataa katakata kutoka mpaka kanuni za kulinda haki zao zilipotiwa sahihi. Huko alipita pia James LeBrecht, aliyezaliwa na ugonjwa wa mgongo wazi, na ambaye alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ufundi wa sauti katika jumba la tamthilia la Berkeley kabla ya kuwa mmoja wa watengenezaji wa filamu hiyo niliyoitaja. Sidai kwamba kambi peke yake ndiyo iliyowafanya wakawa walivyokuwa, maana maisha ya mtu hayana sababu moja. Lakini wenyewe wameshuhudia kwamba hapo ndipo walipopata, kwa mara ya kwanza, kuishi siku nyingi mfululizo pasipo mtu kuwashangaa.

Msomaji wa Runzewe aweza kuuliza kwamba mambo ya Catskill yamhusu nini, ilhali yeye hana mahema wala ziwa la kupigia makasia. Walakini kambi za watoto za mwezi wa Juni tunazo, tena zinatuhusu sana, ila hatujazoea kuzitazama kwa jicho hilo. Kila mwaka, shule zifungwapo, huanza mashindano ya UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Watoto huchujwa kuanzia shuleni hata wilayani na mkoani, kisha waliofuzu huwekwa kambini pamoja na walimu wao, wakalala katika mabweni ya shule au chuo na kula katika sahani moja, mpaka kufika mashindano ya taifa, ambayo kwa nyakati mbalimbali yamefanyika Mwanza, Mtwara na Tabora. Na katika mashindano hayo watoto wenye ulemavu wamepewa fungu lao. Wako viziwi wanaocheza soka, wako wanaokimbia riadha, na wako wasioona wanaocheza mchezo wa goli, ambao mpira wake una njuga ndani ili usikike ubingirikapo chini, na wachezaji wake wote hufungwa macho, ili yule aonaye kidogo asimshinde yule asiyeona kabisa. Katika michezo yote niliyopata kuiona, sijaona uadilifu uliofikiriwa vizuri kuliko huo wa kitambaa cha macho.

Pamoja na mpira na riadha, zimo katika mashindano hayo fani za kwaya na ngoma. Kinachokosekana ni mchezo wa kuigiza uliotungwa na watoto wenye ulemavu, ukachezwa na wao, mbele ya watu ambao wamekuja kutazama mchezo na si kutazama ulemavu. Na mahali mchezo huo unapokosekana pamejazwa na kitu kingine, nacho ni hiki. Mwezi wa Juni una siku mbili za maadhimisho: tarehe 13 ni siku ya kimataifa ya kukuza uelewa juu ya ualbino, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2015, na tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Katika siku hizo hupangwa viti, huja mgeni rasmi, na watoto wenye ulemavu husimamishwa mstari mmoja juani, pengine wale ambao jua ni adui wa ngozi yao, wakasoma ngonjera ya kuomba: wanaomba fimbo nyeupe, wanaomba viti vya magurudumu, wanaomba mafuta ya kujikinga na jua. Maombi hayo ni ya haki, wala sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya mtoto ambaye kila apandapo jukwaani hupandishwa kwa ajili ya kuomba, na ambaye akishafika umri wa miaka kumi na miwili hajapata kusimama mbele ya watu kama mtu mwingine yeyote ila maskini wa kuhurumiwa.

Ili ieleweke kwa nini jambo hili lina uzito zaidi Runzewe kuliko mahali pengine, yapasa kusema habari ambazo wenyeji wanazijua na wangependa wasizisikie tena. Tangu mwaka 2007 au karibu na hapo, katika mikoa ya kanda ya ziwa, na hususan sehemu za machimbo na za uvuvi, watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga wa uongo waliovumisha kwamba viungo hivyo huleta bahati ya dhahabu na samaki. Hukadiriwa kwamba katika Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 huzaliwa na ualbino, ilhali katika nchi za Ulaya ni mmoja kati ya 17,000 au zaidi. Hivyo karibu kila kata ina mtoto wa namna hiyo, na kila mzazi wake alianza kulala jicho moja likiwa wazi. Mwezi wa Desemba mwaka 2008 aliuawa mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne katika wilaya hii hii ya Bukombe, ulimo mji wa Runzewe, ambayo zamani hizo ilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, kwani mkoa wa Geita, ilimo sasa, uliundwa mwaka 2012. Mwezi wa Septemba mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa mauaji hayo, na hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza nchini kwa jinai za aina hiyo.

Ndipo watoto walipoanza kukusanywa. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga, iliyokuwa na kitengo cha wanafunzi wasioona na viziwi, ilipokea watoto wenye ualbino kwa mamia. Shule ya Mitindo huko Misungwi ikapokea wengine. Kabanga huko Kasulu vilevile. Wengine waliletwa wakiwa hawajaota meno yote. Hizo nazo zilikuwa kambi, kama neno ni kukaa pamoja mbali na nyumbani, lakini hazikuwa kambi za kufurahi: mtoto aliingia humo akiwa amenusurika, na malezi yaliyomngoja yalikuwa ya ukuta, lango na mlinzi. Ukuta ulilinda uhai, na kwa hilo wenye kuujenga wastahili shukrani; ila ukuta huohuo ulimfundisha mtoto, siku baada ya siku, kwamba yeye ni kitu cha kufichwa. Na wale wanaokaa nje ya ukuta nao wakazidi kutowajua, na usiyejuana naye ni rahisi kuambiwa juu yake kwamba si mtu bali ni mzimu, kwamba hafi bali hutoweka. Uongo huo wa kutoweka ndio chanzo cha mengi.

Kisiwani Ukerewe, mwaka 2016, mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, alikaa na kundi la watu wenye ualbino akawahimiza watunge na kuimba nyimbo zao wenyewe, na mwaka uliofuata nyimbo hizo zikatolewa katika albamu iliyosikika katika nchi nyingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wa waimbaji hao walikuwa watu wazima, na kwamba baadhi yao hawakuwa wamepata kuimba mbele ya mtu kabla ya hapo, kwani hata katika kusanyiko la ibada hawakukaribishwa kuinua sauti. Mtu anafika umri wa kuwa na wajukuu ndipo anaulizwa kwa mara ya kwanza ana wimbo gani. Haja ya kuanza mapema, katika umri wa shule ya msingi, sidhani yahitaji hoja nyingine.

Basi kwa nini iwe tamthilia, isiwe kwaya au soka tu? Jibu langu latokana na hali ya kutazamwa. Mtoto mwenye ulemavu hutazamwa tangu atokapo mlangoni: sokoni, katika daladala, mbele ya duka, watu humkodolea macho bila haya, na yeye hana uwezo wa kuchagua watakachokiona. Jukwaani mambo hugeuka. Hapo naye hutazamwa, tena na halaiki, lakini ni yeye aliyewaita, ni yeye anayeamua wamwone lini na akiwa nani, na akitaka huwafanya wacheke, na akitaka huwanyamazisha. Mpira hautoi hayo, maana uwanjani mtu hubaki yeye mwenyewe, akashinda au akashindwa. Tamthilia ndiyo fani pekee inayompa mtoto ruhusa ya kuwa mtu mwingine: jumbe mkali, mke mwenye wivu, mwizi wa mbuzi, tajiri wa machimbo anayehesabu noti kwa mate. Na kwa sababu hiyo nashikilia, japo najua wako walimu wema watakaonipinga, kwamba mtoto mwenye ulemavu asipewe katika mchezo sehemu ya mtoto mwenye ulemavu, ila pale yeye mwenyewe aitakapo.

Nchi ya Usukuma na Usumbwa haina haja ya kuazima fani hii kutoka mbali. Kila kiangazi, vikundi viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inarejea karne ya kumi na tisa, hupambana kwa mbina, yaani ngoma. Hucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na lile linalowavuta watazamaji wengi zaidi ndilo linaloshinda, kwa ufundi au, kama wenyewe wasemavyo, kwa dawa. Wako wanaocheza na nyoka, wako wanaocheza na majembe kwa ngoma ya bugobogobo, na wote hujua kwamba uchezaji pasipo vituko vya kuigiza haukusanyi mtu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo huja na sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni. Kanuni ya Bagika na Bagalu yafaa sana kwa kambi ya watoto, kwa kuwa haina mwamuzi wa kutoa alama za huruma: watu husogea wanakofurahishwa, basi.

Wala elimu ya kuigeuza ngoma kuwa mchezo wa kuijadili jamii haikutoka ng'ambo. Mwaka 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na tamthilia mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakawaacha wataje wenyewe yanayowasibu, mojawapo likiwa ni wasichana wa shule kupata mimba. Yakajadiliwa, yakatungwa kwa ngoma na maigizo ambayo wenyeji waliyajua, yakachezwa hadharani, kisha baraza likakaa hapohapo kuyazungumza. Kutoka katika chemchemi hiyo ulizaliwa baadaye, mwaka 1996, mradi wa Tuseme, ambao uliwapa wasichana wa shule za sekondari nafasi ya kuigiza shida zao mbele ya walimu waliokuwa wakizisababisha, na ambao ulienea hata nchi nyingine za Afrika. Kutoka Malya mpaka Runzewe si mbali. Watu walioweza kuwafanya wakulima wa pamba wajadili aibu yao hadharani wametuachia zana, nasi hatujaichukua kwa watoto hawa.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwa maana wengi hudhani kwamba haiwezekani kuwaweka katika mchezo mmoja kiziwi, asiyeona, mwenye ualbino, asiyetembea na mwenye ulemavu wa akili. Inawezekana, ila kila mmoja ana sharti lake, na mwalimu asiyeyajua masharti hayo atalaumu watoto bure.

Kiziwi, kwa kweli, ndiye mwigizaji wa asili, kwa sababu lugha yake yote imo katika mikono na uso, na aliyezoea kusema kwa uso hafundishwi kuonyesha hasira au hila. Nchini Tanzania elimu ya viziwi ina umri wa kutosha, kwani shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na Lugha ya Alama ya Tanzania ina kamusi na wakalimani wake. Masharti yake ni mwanga na mwelekeo: asigeuziwe mgongo, asiwekwe kwenye kiza, na mwenziwe anayempa zamu ya kusema ampe ishara ionekanayo. Muziki nao haumpiti, kinyume cha watu wanavyodhani. Ngoma kubwa ikiwekwa juu ya ardhi ngumu, mshindo wake hupanda kwa nyayo mpaka kifuani, na mtoto kiziwi akivuliwa viatu aweza kucheza kwa mapigo barabara.

Asiyeona hutaka kitu kingine kabisa, yaani uwanja usiobadilika. Kamba nene ikilazwa chini na kufunikwa kwa mkeka, nyayo zake zitamwambia ukingo wa jukwaa uko wapi. Mkeka mmoja ukiwa wa ukindu na mwingine gunia, atajua amefika ikulu au amefika sokoni. Asisogezewe kigoda bila ya kuambiwa. Akishaizoea nafasi, huwa ndiye mwenye sauti iliyo safi kuliko wote, na ndiye anayefaa kuwa mtambaji wa hadithi, maana kumbukumbu yake haikutegemea daftari. Hapo ndipo yeye na kiziwi hukutana kwa namna ambayo haina budi kushuhudiwa ili iaminiwe: mmoja anasema, mwingine anatenda, na mtazamaji anapata mtu mmoja mwenye mdomo huku na mikono kule. Mwalimu wa kawaida, anayetaka kila mtoto aseme maneno yake mwenyewe kama kasuku, hunyima mchezo wake uzuri huo.

Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, macho yake huchezacheza, na mwanga mkali humuumiza. Maneno yake yaandikwe kwa herufi kubwa nyeusi, au afundishwe kwa kusikia. Na juu ya yote wakati: mazoezi yafanywe ndani au chini ya mwembe, na maonyesho yaanze baada ya saa kumi na moja jioni, kofia pana na mikono mirefu viwe sehemu ya vazi la mchezo na si sare ya wagonjwa, na mafuta ya ngozi yapakwe kila baada ya saa chache, yako ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu hao hasa. Saratani ya ngozi imewaua wengi kimyakimya kuliko panga, na kambi itakayomwanika mtoto kwa saa sita ili kumpongeza mgeni rasmi imemdhuru zaidi kuliko ilivyomfaa.

Kuhusu asiyetembea, nina neno moja tu: jukwaa la ngazi livunjwe. Watazamaji wakae kwa duara juu ya ardhi, kama wakaavyo mbinani, na kiti cha magurudumu kitaingia na kutoka kwa fahari kuliko miguu.

Mwenye ulemavu wa akili ndiye anayeachwa nyuma hata na wanaotetea wengine. Huyu asipewe maneno mengi, bali apewe tendo moja ambalo bila hilo mchezo hauendelei: yeye ndiye afunguaye lango, yeye ndiye apigaye baragumu, yeye ndiye amkamataye mwizi. Alirudie kila siku kwa saa ileile, afuatane na mwenziwe mmoja asiyebadilishwa, na siku ya maonyesho akikosea apewe nafasi ya kulitenda tena mbele ya watu, kwa kuwa hadhira ya ngoma haikasiriki kwa marudio, huyapigia vigelegele. Nimepata kuona mtoto wa namna hii akilishika tendo lake kwa uaminifu uliowashinda wenzake wenye akili nyepesi, ambao walikuwa wanapiga gumzo nyuma ya pazia zamu yao ilipofika.

Gharama za haya yote ni chache. Kambi ya siku kumi na mbili yaweza kukaa katika shule ya bweni ambayo wanafunzi wake wamekwenda likizo. Chakula ni ugali, maharage na dagaa. Mavazi ni kanga na magunia. Kinachohitajika kwa fedha ni mkalimani wa lugha ya alama, nauli za watoto wa vijijini na mlezi wa usiku anayejulikana na kuchunguzwa, jambo ambalo katika wilaya yenye historia niliyoitaja halina mzaha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetaja haki ya kushiriki katika michezo na utamaduni. Maafisa utamaduni wa halmashauri hawana haja ya kungoja waraka mwingine.

Mashaka yangu ni juu ya hadithi gani watoto wapewe waitungie mchezo. Wengi watashika mara moja riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo wanafunzi wetu wa sekondari wameisoma kwa miaka mingi, inayomhusu mama aitwaye Sekai anayetoroka kijijini ili mwanawe mwenye ualbino asiuawe, na mtoto huyo hatimaye kufundishwa kupiga mbira na mzee Chivero. Ni kitabu chema, tena ndani yake sanaa ndiyo inayomrudishia mtoto utu wake mbele ya watu. Lakini watoto wa Bukombe waliozaliwa nayo hadithi hiyo nyumbani kwao hawana sababu ya kuitumia likizo yao kuirudia.

Mimi ningewapa Msiri. Huyu alitoka nchi hizi za Wasumbwa na Wanyamwezi katikati ya karne ya kumi na tisa, akaenda na misafara ya shaba na pembe mpaka Katanga, na huko kwa biashara, bunduki na ndoa alijifanyia ufalme wa Garenganze wenye mji mkuu Bunkeya, akautawala mpaka tarehe 20 Desemba 1891, alipopigwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, naye Bodson akapigwa risasi papo hapo na mtu wa Msiri akafa siku hiyohiyo. Humo mna safari, mna soko, mna harusi nyingi za kuchekesha, mna mabaraza ya hila baina ya mfalme na wageni, na mna kifo cha watu wawili mwishoni, jambo ambalo watoto wote hulipenda. Mtambaji awe asiyeona. Mabaraza na wageni yachezwe na viziwi, kwa alama, kwani hapo maneno yalikuwa ya uongo na nyuso ndizo zilizosema kweli. Mwenye kiti cha magurudumu aongoze msafara wa shaba. Na mwalimu atakapofika kwenye sehemu ya Kapteni Bodson, mzungu, jicho lake litamkimbilia kwa haraka mtoto mwenye ualbino, kwa sababu ya rangi, na watu wote kambini watacheka na kukubali kwamba amefaa. Mwalimu alikatae wazo hilo papo hapo, Bodson achezwe na yeyote mwingine aliyepakwa chokaa, na mtoto yule avikwe ngozi ya chui, apewe usinga, akae kwenye kiti cha Msiri.